Fedha Isiyo na Mwenyekiti

Kifuniko cha sufuria kiligonga jikoni: ta, ta-ta, ta. Nje bado giza. Judica, aliyekuwa amelala ubavuni mwa bintiye Evelyne, alijua kwa mlio huo tu kwamba mama mkwe wake, Ma Kokubanza, ameshaamka na maharage yameanza kuchemka. Ni mlio wa kumtuliza mtu. Kisha ukakatika ghafla, kana kwamba aliyeko jikoni amekishika kifuniko ili asikilize kitu kingine.

Judica naye akasikiliza. Viatu. Viatu vya watu wasioona haja ya kunyata, vikishuka kwa kishindo njia ya migombani.

"Hodi humu! Serikali!"

Wageni wapo wa kila namna, lakini mgeni anayejitaja kwa jina la Serikali kabla jogoo hajawika mara ya pili hakuja kujua umeamkaje. Judica alijifunga kitenge, akafungua mlango. Mbele alisimama Kashaija, mtendaji wa kijiji, na nyuma yake mgambo wawili, mmoja na tochi, mmoja na kamba.

"Tumefuata mtambo," alisema Kashaija.

"Mtambo gani, Ta Kashaija?"

"Mtambo wa kuchapia fedha."

Judica alidhani hajasikia vizuri. Nyumba nzima ilikuwa na vitanda viwili, meza, redio ya Ma Kokubanza ya kusikilizia ibada, na pembeni, chini ya dirisha, cherehani yake ya miguu. Tochi ikazunguka ukutani, ikashuka, ikatua palepale kwenye cherehani.

"Hiyo hapo. Ibebeni."

Ma Kokubanza aliingia kutoka jikoni, mwiko ungali mkononi. Ni mwanamke mfupi, wa miaka sabini na kitu, anayenyanyua sauti mara mbili kwa mwaka.

"Kashaija. Siku uliyozaliwa mimi ndiye niliyemchemshia mama yako maji. Leo unaingia kwangu hujasalimia, hujatafuna hata punje moja ya kahawa ya kukaribishwa, unabeba?"

"Niko kazini, Ma."

"Hata mwizi huwa kazini," alisema bibi.

Kashaija alitoa kalamu. Alichana karatasi kwenye daftari la shule, akaandika juu ya goti: *Mtambo mmoja, mweusi, wa chuma.* Akampa Judica atie sahihi.

"Andika cherehani," alisema Judica.

"Nimeshaandika."

"Hiki ulichoandika hapa ndani hakimo. Andika cherehani, nitatia sahihi."

"Basi usitie," alisema Kashaija, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Mgambo wakainua chuma na meza yake, wakaigonga mara mbili kwenye fremu ya mlango wakitoka. Evelyne, ambaye tayari alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, alishtuka kila ilipogonga.

Mwanzo wa yote haya ulikuwa kahawa.

Marehemu baba mkwe wa Judica aliacha miti arobaini ya kahawa katikati ya migomba, huku kwenye mteremko unaotoka Muleba kuelekea ziwani. Miti ni ya Ma Kokubanza. Kuipalilia ni kwake, kuitandazia majani ni kwake, mgongo unaouma ni wa kwake. Lakini kahawa ikishaiva ikawa nyekundu, bibi huyo hana ruhusa ya kumuuzia amtakaye. Inapelekwa ghalani, inapimwa, inaandikwa, kisha inasubiri mnada. Mwaka huo ilisubiri miezi minne. Akitokea mnunuzi na noti mkononi, yeye anaitwa mlanguzi na atakayemuuzia anaitwa mhujumu.

Zamani, njaa ikibana, watu waliuza butura, yaani kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali ikapiga marufuku butura, na kwa haki, maana ulikuwa unyonyaji mtupu. Lakini aliyepiga marufuku butura hakuleta unga. Na Kahigi, mume wa Judica, aliyekuwa Mwanza kwenye vibarua vya ujenzi, akituma elfu thelathini kwa simu, huku zinafika zimemegwa kwenye kutuma na kumegwa kwenye kutoa, mpaka Ma Kokubanza akauliza: "Hivi hiyo simu nayo ina watoto wa kulisha?"

Kwa hiyo kijiji kilijaa vitu na kilijaa watu wenye kujua kazi, ila shilingi hamna. Mwenye ndizi hana chumvi, mwenye jembe hana ndizi, na kila mmoja anamwambia mwenzake asubiri ghala lilipe. Jambo hili lilimkera Judica kuliko njaa yenyewe. Mikono ipo, shamba lipo, mvua ipo. Kwa nini watu wakae kama wagonjwa wanaosubiri daktari?

Jibu, au nusu ya jibu, alilikuta darasani.

Jumanne na Alhamisi jioni Judica alipanda bodaboda mpaka Muleba mjini, kwenye darasa la watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa maarifa, ule wa kufungulia njia ya kidato cha nne. Aliyewafundisha hesabu na uraia ni Mwalimu Awadhi, mtu wa Bukoba, wa ukoo wa Waswahili walioingia na biashara tangu enzi za mababu. Mchana alitengeneza simu karibu na stendi. Jioni moja aliandika ubaoni: FEDHA NI NINI?

"Noti," alisema Evarist, kijana wa bodaboda aliyekaa mbele.

"Noti ni karatasi. Kwa Kihaya fedha mnaiitaje?"

"Ensimbi!" darasa zima.

"Na ensimbi ni nini hasa?"

Judica akanyoosha kidole. "Ni simbi, mwalimu. Zile kauri za kutoka pwani. Bibi yangu alikuwa nazo."

"Vizuri. Nani alizichapa?"

"Konokono!" alidakia Evarist, watu wakacheka.

"Cheka, lakini umepata. Konokono wa baharini. Hakuna gavana, hakuna muhuri. Mababu zenu walinunua ng'ombe na kuoa wake kwa fedha iliyochapwa na konokono, kwa sababu waliaminiana kuipokea. Kisha akaja Mjerumani, akasema kodi ya nyumba nitaipokea kwa rupia yangu tu. Siku hiyo simbi zikawa mapambo. Hazikuoza wala hazikuvunjika. Mwenye bunduki alizikataa, basi." Aliweka chaki chini. "Leo kuna fedha ya mtandaoni iliyorudi njia ile ile. Hesabu yake imeshikwa na maelfu ya watu kwa pamoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Hakuna mkubwa wa kuifuta, wala wa kuongeza nyingine akiishiwa."

"Mwalimu," alisema Evarist, "na ile iliyomla mjomba wangu laki nane je?"

"Mjomba wako alimkabidhi mtu mwenye suti. Hiyo ni fedha iliyopata bwana, na bwana akawa mwizi. Na wakubwa wamesema hawaitambui, kwa hiyo msiende mkasema Awadhi kawatuma. Mimi nafundisha uraia."

Judica alirudi nyumbani na jambo moja tu kichwani. La mtandao halikumhusu. Simu yake ilikuwa ya tochi. Lililomhusu ni lile la hesabu iliyoshikwa na wote.

Wanawake wa kitongoji chao walikuwa tayari na desturi ya kulimiana kwa zamu. Kilichowashinda ni kukumbuka. Nani kalima kwa nani, nani hajarudisha, nani alijifanya mgonjwa. Judica akamweleza Ma Kokubanza, na bibi, bila neno, akafungua sanduku lake akatoa kitambaa cha lubugo, kile cha gome la mti lililopondwa, alichopewa na mama yake siku alipoolewa kutoka Kashozi.

"Waitu, Ma, hiki ni cha kuzikia!"

"Nitakufa mara moja tu, mwana wange. Kula nakula kila siku. Kata."

Wakakata vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila mwanamke alichagua nakshi yake, na Judica akaishona kwa cherehani: ya Ma Kokubanza mistari mitatu myekundu, ya jirani yao Safina duara la njano, ya Judica mwenyewe mshono wa bluu wa kwenda na kurudi. Kipande kimoja waliita mkono, maana yake asubuhi moja ya kazi. Safina akilimiwa na wewe, anakupa mkono wake wenye duara. Wewe unaweza kumdai asubuhi moja, au ukampa mwingine kwa ndizi, na huyo mwingine akampa mwingine kwa kusukwa nywele. Mwishowe mkono unarudi kwa Safina, Safina anashika jembe, analima, anachukua kipande chake. Hakuna mweka hazina kwa kuwa hakuna hazina. Kila mtu ni dhamana ya jina lake.

Wanawake kumi na mmoja. Katika mwezi mmoja kitongoji kilikuwa kimeamka. Migomba ilipaliliwa, paa la mjane mmoja likaezekwa, na Safina, anayeuza vitumbua stendi ya Muleba na ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akatangaza bei:

"Kwa mkono wa Ma Kokubanza natoa vitumbua kumi na viwili. Kwa mkono wa Judica, kumi."

"Kwa nini mimi kumi?" aliuliza Judica.

"Wewe ukilima unamtazama mtoto kila baada ya jembe tatu. Hivyo viwili ni vya kutazama."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Judica alilima vizuri zaidi wiki iliyofuata, na bei yake ikapanda.

Ndipo Kashaija akaja na daftari lake. Kiongozi mkubwa alikuwa anakuja ziara mkoani, na kila kaya ilitakiwa kuchangia elfu tano za mapokezi. Hiari, alisema, halafu akaandika majina ya watakaokosa.

Hapa wanawake wale walifanya kosa, na ni kosa ambalo labda Wahaya peke yao wangelifanya. Mtu akikufuata nyumbani kwako kuomba, humrudishi hivihivi. Hata asipostahili, ni aibu yako wewe mwenye nyumba. Shilingi hawakuwa nazo. Judica, kwa moyo mweupe kabisa, akasema, "Ta Kashaija, tunacho hiki. Mikono miwili kila mmoja. Ishirini na miwili. Wapeni wenye kazi huko kwenye mapokezi, tutakuja kufyeka, kufagia, kupika, chochote."

Kashaija alivigeuza vile vipande, akacheka puani, akavitia kwenye mkoba. Risiti hakuandika.

Juma lililofuata mikono ikaitwa. Wanawake kumi na mmoja wakaenda asubuhi mbili mfululizo, na pale walipoelekezwa hapakuwa na mapokezi wala mapambo. Palikuwa na kibanja cha Kashaija. Walipalilia, wakatandaza majani, wakapunguza migomba, na kila mmoja akachukua vipande vyake. Asubuhi ya pili, wakifuta majembe, Kashaija akatoka na mswaki mdomoni.

"Kesho mmalizie kule bondeni."

"Mikono yako imekwisha, Ta Kashaija," alisema Judica, kwa adabu.

"Imekwisha vipi? Mimi ni mtendaji."

"Ndiyo. Lakini imekwisha."

Safina akashindwa kujizuia. "Labda na wewe ushonewe nakshi, mheshimiwa. Uje utufulie!"

Kicheko cha wanawake wale kilimfuata Kashaija mpaka ndani. Siku ya tatu ndipo kifuniko cha sufuria kiliponyamaza.

Judica alikuwa na sare za shule kumi na sita zilizokatwa lakini hazijashonwa, vitambaa vya watu, na shule zilikuwa zinafungua baada ya wiki mbili. Cherehani ile ilinunuliwa kwa misimu mitatu ya kahawa na kwa vibarua vya Kahigi. Humo mlikuwa na chakula, na ada ya mtihani wake, na viatu vya Evelyne. Bila hiyo angerudisha vitambaa, na ukirudisha vitambaa vya watu mara moja hawaleti tena.

Alienda ofisi ya kata. "Imepelekwa Muleba." Alienda Muleba, akakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa nane. Karani akamwambia, huku akitazama simu, "Imepelekwa Bukoba. Suala la fedha ni suala zito, dada."

"Kaka, ni cherehani."

"Ndiyo maana nasema ni zito."

Ijumaa akapanda gari la Bukoba na Evelyne, kwa sababu Ma Kokubanza alikuwa kwenye msiba wa jirani. Safina aliwapa vitumbua sita pale stendi na kukataa mkono. "Hivi havina bei. Nenda, na usinywee. Wakikutisha, kumbuka kwamba hata wao wanavaa nguo, na nguo ameshona mtu."

Ofisi waliyoelekezwa ilikuwa nyumba ndefu ya rangi ya maziwa, mtaa wa pili kutoka soko kuu. Afisa aliyeshika faili aliitwa Damian. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, naye akampa Evelyne kiti kabla ya kumpa mama yake. Judica alikuja amejiandaa kumchukia mtu, akakuta hana pa kuanzia.

Kwenye faili mlikuwa na mkono mmoja umebanwa kwa pini. Mistari mitatu myekundu. Judica alishtuka, kwani Ma Kokubanza alikuwa amelalamika kwamba kimoja chake kimemponyoka kule kibanjani.

"Mwenyekiti wenu ni nani?" aliuliza Damian, kalamu tayari.

"Hatuna."

"Mweka hazina?"

"Hatuna hazina."

"Katibu basi."

"Afisa, tuko wanawake kumi na mmoja. Kila mtu anajua anachodaiwa na mwenzake anajua. Katibu aandike nini?"

Damian akaweka kalamu chini. "Dada Judica, nisikilize. Mimi sikuoni kama mhalifu. Lakini fomu ina mstari wa mwenyekiti, na mstari hauwezi kukaa wazi. Kikundi cha fedha lazima kisajiliwe. Kiwe na viongozi, katiba, akaunti. Serikali inawalinda ninyi wenyewe. Matapeli ni wengi."

"Hilo la matapeli ni kweli," alisema Judica. "Mmoja alinijia. Alikuwa na muhuri wenu." Akamweleza: mchango, mikono ishirini na miwili, asubuhi mbili, kibanja cha Kashaija. Aliyasema yote bila kupandisha sauti, ila vidole vyake vilikuwa vimekamata ukingo wa meza.

Damian alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yakamwiva. Akafunga faili, akalifungua tena.

"Hilo ni jambo jingine," alisema. "Liandikie barua. Litapitia kwa mtendaji wa kijiji."

"Kwa Kashaija?"

"Ndio utaratibu."

Judica akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kikavu, na Evelyne akamtazama.

"Tufanye hivi," alisema Damian haraka, akasogeza karatasi. "Tia sahihi hapa kama mwenyekiti. Unakubali kosa, faini ni elfu hamsini, hivyo vipande vinakusanywa vinachomwa, mnajisajili. Cherehani unaondoka nayo leo. Leo hii, dada. Nakutafutia hata mkokoteni."

Leo. Judica aliishika kalamu. Aliziona sare kumi na sita zikiwa zimekunjwa kwenye meza, za bluu, mikono yake ikitia vifungo vya mwisho. Elfu hamsini angekopa. Wenzake wangemsamehe, ni watu wa kusamehe. Ni jina tu, aliwaza. Ni mstari.

Kisha akaufikiria mstari wenyewe. Kwa nini ulikuwa na njaa hivyo? Tangu alfajiri ile kila ofisi ilimwuliza jambo lile lile, kichwa chenu kiko wapi, kama mtu anayemgeuzageuza kuku akitafuta shingo. Wala hawakuuliza kama kuna aliyeibiwa, kama kuna mjane aliyeezekewa, kama migomba imepaliliwa. Kahawa ina ghala, simu ina tozo, mchango una daftari. Kitu kimoja tu walichokuwa nacho wanawake hakikuwa na mlango wa kuingilia, na hicho ndicho ofisi zilichotaka akitobolee mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Afisa," alisema, "nikiandika jina langu hapa nitakuwa nimekudanganya, maana mimi si mwenyekiti wa mtu. Na kesho mkitaka kutubana mtakuwa mmeshajua pa kushika. Lubugo lile mnalotaka kulichoma ni sanda ya mama mkwe wangu. Aliikata ili watu wale. Ninyi mlikata nini?"

"Dada, mimi natekeleza tu."

"Najua. Hata wale mgambo walitekeleza tu. Kila mtu anatekeleza, na mimi sina cherehani." Akaiweka kalamu juu ya karatasi, taratibu, isije ikabingirika. "Hapo ulipobana kwa pini ni asubuhi moja ya bibi wa miaka sabini. Ukiichoma, bado tunajua ameshailima, na kesho atalima kwa kipande kingine. Hamuwezi kuifuta kwa kiberiti. Iko kwetu sote."

Damian aliitazama ile pini. Alionekana kama mtu anayetaka kujibu, na aliyeona kwamba jibu alilonalo halikuwa lake.

"Angalau nionyeshe ilipo," alisema Judica.

"Iko stoo, imefungwa. Ni kielelezo. Haiguswi mpaka shauri liishe."

Judica akamshika Evelyne mkono wakatoka. Mlango wa mbele ulikuwa na foleni ya watu wenye bahasha, kwa hiyo mlinzi akawaelekeza wapite uani. Wakiwa kwenye kona ya veranda Judica alisimama. Kuna mlio ambao fundi huutambua kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe. Chuma kikikimbia, kikichechemea kidogo kila gurudumu linapomaliza mzunguko, kwa sababu ya ule mkanda aliokuwa ameuunga mwenyewe mwezi wa Septemba.

Kwenye veranda ya nyuma fundi mwanamume aliketi katikati ya malundo ya vitambaa vya kijani, njano, nyeusi na bluu, akishona mapambo ya kupokea mgeni. Mapambo yalimteremka magotini mpaka sakafuni, mita kwa mita. Watumishi watatu walikuwa wamesimama wakinywa chai, wakibishana kama mikunjo iwe mipana au myembamba. Cherehani ilikuwa ya Judica. Upande mmoja palikuwa pamekwaruzika pale ilipogonga fremu ya mlango. Na juu ya shingo yake nyeusi, palipokuwa na ua la dhahabu, mtu alikuwa amepaka kwa brashi nyekundu, herufi kubwa, rangi bado ikichuruzika: MALI YA SERIKALI.

Damian, aliyekuwa amewafuata, naye aliona. Alisimama nyuma yao na faili kifuani.

"Mlisema imefungwa," alisema Judica.

Evelyne alikuwa ameachia mkono wa mama yake. Alipita kati ya watumishi wenye vikombe, akasimama mbele ya fundi, akaweka kiganja juu ya ile rangi. Kikatoka chekundu. Fundi akainua miguu kwenye pedali, gurudumu likazunguka lenyewe kidogo, likakoma. Wale wa mikunjo wakashusha vikombe. Hata foleni ya mbele, iliyokuwa ikionekana kupitia ukumbi, ikageuza shingo.

Mtoto akawatazama wote, mmoja mmoja, kama anavyotazama watu wazima wanaosahau kusalimia, akasema kwa sauti:

"Hii cherehani ni ya mama yangu."